Mbegu za Kaya Kinondo

Muiruri, acha unalofanya usome haya.

Tumefika nyumbani Kiamunyi sasa hivi kutoka Pwani. Linah amefungua fundo la leso yake, na ndani mna mbegu za msitu mtakatifu wa Kaya Kinondo.

Mbegu, Muiruri. Mzee aliyetutembeza alituonya kwamba hata jani halitoki mle, na mke wangu akaitikia kama yuko kanisani.

"Mama Kipkemoi, umewaibia wazee wa watu?"

"Sasa mkulima anaona mbegu nzuri anaipita tu?"

Nikamkumbusha: hata jani, yule mzee alisema.

Linah akazifunga tena kwenye leso.

"Nitazirudisha mwenyewe. Na safari hii hutanikimbiza pale Fort Jesus kabla sijamaliza kutazama."

Tunaondoka kesho alfajiri. Nitunzie ng'ombe.