Simama Hapo Hapo

Gerishon Mwirichia, Baba Kendi
Alituacha tarehe 9 Machi 2018, Doha

Mwaka mmoja umetimia leo, Gerishon, tangu Ijumaa ile uliyomwambia Kendi, "Simama hapo hapo langoni, ninakuja," na hukuja. Kuchelewa ulichelewa sana maishani mwako, hilo Wakenya wote wa mtaa huu wa Al Mansoura wanalijua. Lakini kutokuja kabisa hakukuwa kawaida yako.

Anayeandika ni mimi dadako Edith, kwa niaba ya wote wa nyumbani. Mkeo Peninah alijaribu mara tatu, na mara zote tatu karatasi ililowa kabla hajamaliza kuandika jina lako. Akanisukumia kalamu, akasema, "Andika wewe, mdomo unao." Kweli ninao, na wewe ndiye uliyekuwa ukiniambia niufunge. Leo utanisikiliza mpaka mwisho, kaka.

Tunakumbuka Jumamosi zako. Sebule ilijaa kompyuta za watu: za walinzi, za mayaya, za wauguzi wenzake Peninah, nyingine zimeingia mchanga, nyingine zimemwagikiwa chai. Ulizitengeneza zote huku ukiimba nyimbo za kanisa puani, na mtu akitaka kukushukuru ulimwambia aende akaongee na mama yake kwa hiyo kompyuta, basi. Tunakumbuka pia ulivyotuhesabu kabla ya kuwasha gari, kwa kidole, kama kuku wa kupelekwa sokoni. Mimi mtu mzima wa miaka arobaini, nawe unanihesabu! Nilikuwa nikikasirika. Siku hizi nikipanda gari la mtu asiyenihesabu, naona kama nimesahaulika.

Na tunakumbuka Toronto yako. Mimi sijakanyaga Canada, lakini kwa maneno yako na ya Kendi niliijua mpaka harufu ya lifti yake. Kendi alizaliwa huko mwaka 2000, Bradley akafuata miaka minne baadaye, na mlipohamia hapa Doha mwaka 2010 Kendi alikuwa na miaka kumi na kichwa kilichojaa theluji. Alinisimulia nyumba yenu ya ghorofa ya kumi na moja, glavu zikikaushwa juu ya chuma cha joto chini ya dirisha, na sufuria ya githeri uliyoiweka nje kwenye balkoni ati friji imejaa, ikaganda ikawa jiwe, ukaipiga nyundo. Alinisimulia ulivyomburura juu ya boksi la televisheni kwenye kilima cha bustani, wewe mwenyewe ukianguka mara nyingi kuliko yeye. Na ile treni ya chini ya ardhi, mkisimama behewa la mbele kabisa, pua zimegusa kioo, wewe ukitaja vituo kwa sauti kubwa na lafudhi yako ya kwetu Nkubu: Bathurst, Spadina, St. George, Bay. Hata hapa, foleni ya barabara ya C Ring ikikwama, ulianza, "Bathurst, Spadina," na Kendi akamalizia nyuma ya gari.

Hadithi yenu kubwa ilikuwa ya siku aliyopotea. Uliisimulia kila Krismasi, na hakuna aliyeweza kukuzuia. Kendi ana miaka sita, ni majira ya baridi, mko kwenye treni. Pale Bathurst unashuka kidogo kumsaidia bibi mmoja na kigari chake cha sokoni, milango inajifunga nyuma yako, treni inaondoka na mtoto. "Lakini binti yangu ana akili!" ulikuwa ukisema, macho yameanza kulowa. "Alishuka kituo kinachofuata, akasimama chini ya saa, hakusogea hata hatua moja, mpaka mimi nikaja na treni ya nyuma." Kendi naye aliongeza lake moja, siku zote lile lile, kwamba anachokumbuka yeye ni kofia yako nyekundu nyuma ya kioo. Ndipo ulipoinua kidole na kututangazia sheria ya nyumba: ukipotea, simama hapo hapo, mimi ndiye nitakayekuja. Sisi wengine tulicheka. Kendi aliishika.

Ijumaa ile, ibada ilipokwisha kule kanisani Abu Hamour, Kendi alibaki na mazoezi ya kwaya. Ulitupeleka sisi wengine nyumbani, ukamwambia utamfuata saa nane. Saa saba na nusu ulikaa kitini uvae viatu, ukashika kifua. Gari la wagonjwa lilikuja upesi, hatumlaumu mtu. Peninah akipanda humo alinishika mkono: "Edith, Kendi!" Nikapiga simu ya Kendi, imezima, chaji imekwisha. Nami nikasema maneno ambayo nitaenda nayo kaburini: "Ah, ataletwa na wenzake."

Hakuletwa. Winfred, mwenzake wa kwaya, alimwambia waende pamoja, gari la mama yake lina nafasi. Kendi akamjibu, "Baba amesema nisimame." Saa tisa wakapita wengine, akawajibu vivyo hivyo. Alisimama juani pale langoni, kitabu cha nyimbo juu ya kichwa, akijua umechelewa tu kama ilivyo ada yako. Wewe ulifariki saa kumi kasoro dakika chache. Ndipo nilipozinduka nikamtuma Laban, yule rafiki yako dereva, na alipofika ilikuwa saa kumi na nusu na mtoto hajasogea. Kutoka pale langoni, hospitali ilikuwa mwendo wa dakika kumi na tano kwa gari.

Tulikupeleka Nkubu, tukakuzika kando ya mama, tukarudi huku. Peninah ana kazi yake kliniki, watoto wana masomo, mimi mashuka ya hoteli hayanisubiri. Tukadhani tutajikokota hivyo hivyo.

Kaka, Kendi ametutia hofu mwaka huu. Anatembea na betri mbili za kuchajia simu mkobani. Bradley akiteremka dukani kununua maziwa, yeye yuko dirishani mpaka kichwa cha mdogo wake kitokeze tena. Peninah akichelewa kutoka zamu kwa dakika kumi, simu tatu. Siku moja nilimkuta jikoni amesimama na kikombe, chai imepoa kabisa, midomo inacheza. Nikasogea nisikie anaombea nini. Haikuwa sala. "Bathurst, Spadina, St. George, Bay. Bathurst, Spadina..." Nikarudi nyuma polepole, nikajifungia chooni nikalia.

Halafu mwezi wa Januari ikaja barua kutoka chuo cha Toronto. Amekubaliwa kusomea uuguzi kama mama yake! Ungekuwepo ungepiga vigelegele, wewe mwanamume mzima, mpaka mlinzi apande ngazi kuuliza kuna nini. Alitakiwa kujibu kabla ya tarehe moja Machi. Wiki ya kwanza hakujibu. Ya tatu hakujibu. Nikimuuliza mimi shangazi yake, ananiambia, "Nitajibu, tata," na kuondoka chumbani. Peninah akaacha kula. Mimi nikafua mashuka meupe pamoja na taulo nyekundu, yakatoka ya waridi vyumba kumi na viwili, na msimamizi wangu bado hajanisamehe. Tuliogopa akienda, tukaogopa zaidi asipokwenda, maana msichana wa miaka kumi na minane hawezi kuishi dirishani.

Zilipobaki siku mbili, Peninah alimkuta amekaa kitandani na barua magotini. Mimi nilikuwa mlangoni na nguo za kukunja, kwa hiyo nilisikia yote. Usinikemee.

"Kendi, zimebaki siku mbili."

"Siwezi, Mama."

"Huwezi nini? Baridi umeizoea tangu ukiwa mdogo."

"Si baridi. Baba alisema nisimame, nikasimama, nikamkosa. Sasa nikisogea si nitawakosa na nyinyi?"

Peninah akakaa kando yake kitandani. Halafu akatoa kile ulichomwapisha asiseme miaka kumi na miwili iliyopita. Msamehe, Gerishon. Hakuwa na lingine la kumpa mtoto.

"Baba yako hakukupata siku ile," alisema. "Wewe ndiye uliyempata."

Kendi akaiweka barua kando.

"Alirudi nyumbani umemshika mkono, kama vile wewe ndiye mkubwa. Ulipoingia kuoga akanieleza. Treni ilipoondoka na wewe, alichanganyikiwa. Hakupanda treni ya nyuma, Kendi. Alikaa kwenye benchi la Bathurst, glavu yako mkononi, analia na watu wanampita. Wewe ulishuka Spadina, ukapanda ngazi, ukashuka upande wa pili, ukachukua treni ya kurudi. Miaka sita, peke yako! Ukamshika bega ukamwambia, 'Baba, twende.'"

"Hapana. Baba alisema nilisimama chini ya saa."

"Aliona aibu. Na aliogopa kwamba ukijua unaweza, utafanya tena. Akaisimulia vile mpaka ukaiamini. Nafikiri mwisho hata yeye aliiamini."

"Unasema hivyo ili nijibu barua."

Peninah angethibitisha vipi? Aliyekuwepo ni wewe, nawe umelala Nkubu. Nikaona basi, tumeharibu kabisa, sasa mtoto hatuamini hata sisi. Nilitaka kuingia nikapige kelele, lakini sikujua nipige kelele gani.

Kisha Kendi akasema polepole, "Kofia."

"Kofia gani?"

"Kofia yake nyekundu nyuma ya kioo." Alikuwa ameinua mkono, anauvuta hewani kutoka kulia kwenda kushoto. "Nilikuwa nikifikiri yuko ndani ya treni anakuja. Lakini alikuwa ameinama, Mama. Amekaa. Hakuwa anasogea." Mkono ukasimama. "Kioo kilikuwa cha kwangu. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye treni."

Woi, kaka. Nguo zote nilizokunja ziliishia sakafuni. Tulilia sisi watatu kwa namna ambayo hatukulia hata Nkubu, mpaka Bradley akaja mbio akidhani kuna mwingine amekufa. Halafu Kendi akafuta pua kwa mkono wa fulana na kusema, "Yaani huyu mtu alinidanganya Krismasi kumi na mbili?" Tukacheka. Ilikuwa mara ya kwanza nyumba hii kucheka kwa sauti tangu uondoke.

Mimi nilikukasirikia, na nitakuambia kwa kuwa sijawahi kukuficha neno. Nilikukasirikia siku mbili nzima. Kwa aibu yako ndogo ya benchi ulimfundisha mtoto jasiri kusimama, na siku uliyokuwa ukimhitaji alisimama. Kisha nikakumbuka nani aliyesema ataletwa na wenzake, hasira ikaisha yenyewe. Uliogopa kumpoteza. Hata sisi tunaogopa, na tunajua mtu mwenye hofu husema nini. Tumekusamehe, nawe tusamehe.

Kendi alijibu barua siku iliyofuata. Ataondoka Agosti. Sitakudanganya kwamba hofu imekwisha. Betri mbili bado ziko mkobani, Peninah ameanza kutafuta koti zito katika mji huu wa jua kali, nami nimemwambia Kendi atupigie akifika uwanja wa ndege, akishuka, akipata mizigo na akila. Ila Jumapili iliyopita Bradley aliteremka dukani, na Kendi hakwenda dirishani. Alikaa. Alishika kiti kwa mikono miwili kama mtu aliye juu ya ngamia, jasho linamtoka, lakini alikaa mpaka maziwa yakaingia mlangoni. Nilitamani ungemwona.

Amesema siku ya kwanza atakayopata nafasi huko Toronto atakwenda Bathurst. Hatafanya lolote, atakaa kidogo tu kwenye lile benchi, kama bado lipo.

Unakumbukwa na mkeo Peninah. Watoto wako Kendi na Bradley. Dadako Edith, mwenye mdomo. Rafiki yako Laban. Wanakwaya wa Abu Hamour. Na wote wa Al Mansoura ambao kompyuta zao bado zinawaka kwa sababu yako. Tulikukumbuka jana, tunakukumbuka leo, na kesho tukihesabiana garini tutakukumbuka tena.

Neno la mwisho ni la Kendi. Ameniomba niliandike kama alivyolisema, nisiongeze langu:

"Baba, simama hapo hapo ulipo. Usisogee. Njia ya kurudi naijua, nitakuja."