Nguruwe Kwanza

Tyomu, Makurdi,
24 Machi

Mpendwa mdogo wangu Terlumun,

Hujambo huko Jos kwenye baridi yenu? Mkeo je, kifua chake kimepoa? Sisi tu wazima, ila jua la mwezi huu limekusudia kutuua. Hata ukuta ukiuegemea unakuunguza.

Pokea shukrani zangu kwa ule mfuko wa madini ya chumvi. Niliyachanganya kwenye pumba kama ulivyonielekeza. Nguruwe waliokuwa wakihema mdomo wazi, wamesusa chakula, walianza kula tena. Yule jike mweusi uliyenipa nilipofiwa na mume, aliyewazaa hawa wote wanaolisha wanangu, maziwa yalimrudia. Ulisema wakila madini wasikose maji. Walikunywa kweli, mchana kutwa.

Hapo ndipo kaka Ukeyima alipoanza chokochoko. Siku hizi anafyatua matofali nyuma ya nyumba ya baba, na pampu ya uani ni moja tu. "We mwanamke, nguruwe wako wananywa tofali zangu!" Nikamjibu, "Kwani tofali zako zinanyonyesha, kaka?" Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Wiki iliyopita nilikwenda Gboko kumzika mama mkwe, nikamwachia binti yangu Doose mifugo. Nilipogeuza tu mgongo, kaka akang'oa mpini wa pampu akawa anatembea nao. Binti yangu alimlilia, akatishiwa kofi. Basi akaendelea kuwalisha pumba yenye madini kama nilivyomwagiza, na maji hakuna, hata kijito kimekauka. Chumvi ile bila maji ni sumu, mdogo wangu.

Nilirudi nikakuta vita. Nguruwe wanazunguka kama vipofu, wanajipigiza vichwa ukutani mpaka damu, wanaanguka na kurusha miguu. Dume alikuwa amejing'ata ulimi ukakatika. Vitoto vimelaliwa na wakubwa mpaka vimekuwa bapa. Nilipiga kelele hadi sauti ikanikauka.

Kaka akaja na vijana wake wa matofali, mapanga mkononi, akiwatangazia majirani.

"Mnaona? Sumu ya Terlumun hii! Anataka kuumaliza ukoo mzima! Haya, chinjeni kabla hawajafa, tule nyama!"

Sumu, lakini nyama yake italiwa. Alimkata koo dume mbele yangu, damu ikanirukia usoni, kisha akamgeukia jike mweusi. Alipoinama nikauona mpini wa pampu, kauchomeka kiunoni kama mkuki wa chifu. Niliuchomoa. Nilimpiga nao kwenye mkono ulioshika panga, nikausikia mfupa ukivunjika, nikampiga tena begani. Alipoanguka niliwauliza vijana nani anafuata. Walikimbia, hata mapanga wakayaacha.

Tukarudisha mpini, Doose akapampu. Maji mengi kwa mpigo mmoja yangewaua, kwa hiyo nilimpa jike mweusi kopo moja, tukangoja, nikampa jingine. Kaka alikuwa amelala juani kando ya pampu, anagumia.

"Nguher, dada yangu, maji."

"Ngoja. Nguruwe kwanza."

Alingoja. Jike mweusi alipoinua kichwa akanitazama, nilijaza kopo lilelile nikampelekea. Alilimaliza bila kuuliza limetoka mdomo gani. Nina hasira naye mpaka leo, na akiugusa tena huo mpini nitauvunja na mkono wa pili.

Waliobaki ni jike mweusi na vitoto viwili tu. Nimelia sana, lakini yeye akiwa hai nitaanza upya. Kwa hiyo nitumie mfuko mwingine, na ukisikia huko kwamba ulituletea sumu, mwulize anayesema ni nani aliyewanyima maji.

Doose anakuamkia, na mama mdogo Mbakeren amekuwekea ufuta wa mchuzi. Mungu wetu Aondo aliyeniachia yule mweusi akuachie na wewe unachokipenda.

Kaka Ukeyima naye angekuandikia salamu mwenyewe, ila mkono wake wa kuandikia bado umefungwa vijiti.

Wako akupendaye, dada yako,
Nguher