Nguzo za Futi Kumi na Mbili

Mdogo wangu Salumu,

Kabla sijakuuliza hali nikuambie ukweli: nilikuonea wivu tangu siku uliporudi kutoka kwa yule Mjerumani wa misitu na fimbo yako ya meta. Mimi nilifundishwa futi na wanunuzi wa boriti wa Unguja, na huku visiwani, mdomoni mwa mto, nilijulikana kwa hilo. Ukaja wewe na meta, baba akasema mbele ya wageni, "Huyu ndiye kichwa." Nami nimekaa pale pale, nakunywa uji.

Ukapewa kazi ya gati la kupakilia miti. Ulipima matope, ukapima maji makuu ya bamvua, ukajumlisha, ukaniambia, "Kaka, nguzo ziwe meta nne. Meta moja ni futi tatu na kidogo." Nilisikia vizuri. Nikakujibu, "Kidogo hakijengi gati," nikazikata futi kumi na mbili. Kidogo hicho mara nne kinapita futi nzima, na hesabu hiyo naijua. Nilitaka tu ukosee mara moja, watu wakuone.

Hukurudia kupima. Kwetu kaka akishapima, mdogo harudii. Ni kumvunjia heshima. Bamvua ilipokuja, maji yakapanda juu ya mbao, yakazoa boriti zote. Akida wa serikali akauliza nani alipima. Nilinyamaza. Wewe ukasema, "Nilipima mimi." Ukatoroka kabla hujachapwa viboko, na aliyekuona mwisho alikuona Ndundu, ukivuka mto kwenda Umatumbi. Haukupita muda, vita vya maji ya dawa vikaanza huko huko.

Sasa tunasikia vijiji vinachomwa. Na bado, Mungu anisamehe, nakuonea wivu. Mama akipakua chakula huanza na chako. Wageni wakija wanakuulizia wewe. Hata uungwana umenizidi, mimi niliyetangulia kuzaliwa.

Jana nilishindwa, nikamweleza mama kila kitu. Hakuacha kupepeta mchele. "Najua, mwanangu. Salumu alinambia siku anaondoka. Akaniapisha nisikununie."

Kumbe miezi yote hii ananipikia, ananitania, kwa sababu wewe ulimwomba. Nilidhani angalau hayo yalikuwa yangu.

Rudi, Salumu. Ukitaka, nitukane mbele ya watu, sitajibu. Afadhali nikuonee wivu umekaa mbele yangu, kuliko kumwonea wivu mtu nisiyejua kama yu hai.

Ni mimi kaka yako, niliyejua hesabu.