Kichaka Kimoja cha Asta Kilichobaki

Husby, Jumapili, mwishoni mwa Septemba 2011

Asubuhi kulikuwa na manyunyu, kisha jua likatoka, lile jua la vuli la huku Uswidi linaloangaza bila kuchoma. Nimeamka na uzito kifuani. Si ugonjwa. Ni uzito tu, nimeuzoea tangu Mei.

Leo nimekwenda kwenye bustani ya Jeannette. Bado naiita hivyo. Ni kipande kidogo cha ardhi tulichokodi nyuma ya magorofa yetu, kimebanana na vipande vya watu wengine. Jeannette, mke wangu, alikuwa akitoka kazini kwake, kutunza wazee, anapitia huko kwanza, halafu anafika nyumbani kucha zimejaa udongo. Mimi ni dereva wa basi na wikendi nyingi niko barabarani. Bustani niliijua kwa kile kilichofika mezani: lengalenga, majani ya maboga, maharagwe.

Mwaka jana aliniambia sehemu kubwa ameipanda maua. Nikamwuliza, sasa tutakula maua? Akacheka sana. "Baba Anitha, hayo si yako. Ni ya nyuki."

Sikuuliza zaidi. Nilidhani muda upo.

Saratani ilimchukua mwezi wa tano, kabla ya chochote kuchanua.

Leo nimefungua kilango na kuyaona hayo maua. Pembeni kabisa, karibu na uzio, kuna kichaka kinachonifika kiunoni, kimejaa maua madogo ya zambarau yenye kitovu cha njano. Na nyuki! Walikuwemo wa kawaida, na wale wanene wenye manyoya ambao Waswidi huwaita humla, wakitambaa taratibu juu ya maua kama wazee wanaotoka kanisani. Bustani za majirani zimeshakauka. Nyuki wote walikuwa kwetu.

Nimevua kofia bila kujua kwa nini.

Gunvor, mama mzee wa Kiswidi anayelima kipande cha jirani, alikuja kusimama nami. Yeye ndiye aliyempa Jeannette miche. Akanieleza kwamba hizi ni asta, maua ya vuli. Mengine yote yakiisha, haya ndiyo chakula cha mwisho. Malkia wa humla hushiba hapa, kisha hujichimbia ardhini peke yake mpaka majira ya kuchipua. Wenzake wote hufa.

"Jeannette aliwahurumia sana hao malkia," Gunvor alisema. Kisha akageuka. "Na zile nyingine ziko wapi? Tulipanda mstari mzima, kutoka kilangoni hadi uzioni."

Nikatazama. Udongo mtupu, umesawazishwa vizuri.

Nilielewa papo hapo.

Ilikuwa Julai. Anitha, binti yetu, ana miaka kumi na saba. Kwenye mazishi hakulia. Aliwagawia watu chai, akakunja viti, akanishika mkono. Siku moja ya joto alichukua glavu za mama yake akaenda kule bustanini peke yake kung'oa magugu. Alirudi jioni na malengelenge mikononi, akaniambia kwa Kiswidi, maana ndivyo anavyonijibu siku zote, "Sasa bustani ya mama ni safi." Nilimshukuru. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kumwona ametulia. Na asta kabla ya kuchanua ni mashina marefu na majani membamba tu. Hata mimi ningeyang'oa.

Kwa hiyo nilimjibu Gunvor kwamba zimeliwa na swala wa msituni.

Akanitazama. "Swala hawang'oi mizizi."

Nikamwambia ukweli, kwamba ni mtoto, na kwamba mtoto hajui.

"Basi asijue," akasema, akarudi kwenye viazi vyake.

Nami nikakubali moyoni. Asijue. Tayari nilikuwa nimepanga kukikata kile kichaka kabla Anitha hajakiona. Naandika hili kwa aibu. Nilikuwa tayari kuwanyang'anya nyuki chakula, na kuondoa kitu cha mwisho Jeannette alichopanda, ili tu mwanangu asiumie.

Sikupata nafasi. Anitha alitokea kilangoni na chupa ya chai, alikuwa amenifuata. Akayaona maua kabla sijafungua mdomo. Akatabasamu, akachutama karibu na nyuki bila kuogopa. Kisha akashika jani moja. Akalipitisha katikati ya vidole, taratibu, na nikaona tabasamu linakufa.

"Pappa," alisema. "Det var jag." Ni mimi.

Nikajifanya sielewi. "Wewe umefanya nini, mama?"

"Nilizitupa zote. Nilidhani ni magugu. Nilizitupa kwenye takataka, Pappa."

Nilitafuta neno la Kiswidi la kumfariji, sikulipata. Nikasema kwa lugha yetu: "Mama yako angecheka tu."

"Asingecheka," alijibu, safari hii kwa Kiswahili. "Angenipigia kelele mpaka mtaa wa Kista kule wasikie."

Ni kweli. Jeannette angepiga kelele. Tulimwona wote wawili, mikono kiunoni, akiuliza nani kamtuma. Kicheko kikatutoka, na kicheko cha Anitha kikageuka katikati, kikawa kilio. Alilia kama alivyokuwa akilia utotoni, mdomo wazi, bila kujificha. Nilikaa naye kwenye udongo uliolowa. Sikumwambia anyamaze. Na mimi nililia, sijui nani alianza kunyamaza.

Gunvor hakuja. Alitugeuzia mgongo akachimba viazi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, namshukuru kwa hilo. Tulipoinuka ndipo akaita kutoka ng'ambo ya uzio kwamba tusikate mashina hata yakikauka, kuna wadudu wanaolala humo. Na theluji ikishayeyuka, kichaka kimoja hugawanywa kwa koleo vikatoka vingi.

Anitha aliuliza kama koleo atalishika yeye. Nimemwambia ndiyo.

Sasa amelala sebuleni, macho yamevimba, buti zake zenye matope ziko mlangoni. Nyumba ina ukimya tofauti kidogo na ule wa jana. Nimefurahi amelia. Naumia kwamba ilibidi iwe hivi.

Lakini theluji haijaanguka hata kidogo bado. Mbele yetu kuna Novemba, kuna giza la saa tisa alasiri, kuna Noeli, na mimi sijui hata Jeannette alikuwa anaweka wapi nguo za baridi.

Tutaanzia wapi?