Msizisimamishe Ndege Bado

Uwanja wa ndege wa jeshi
3 Mei

Bibi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute una nguvu za kugomba, ndipo nitajua u mzima. Mimi sijambo, ila usingizi haba.

Umeona barabara imefunguliwa. Baada ya miezi kumi na moja ya kuzingirwa, malori yanaingia mjini kwenu. Basi mimi nimepewa kazi ya kupanga jinsi ya kumaliza safari za ndege zinazowaletea unga na makaa. Nimehesabu malori yanayopita kizuizini, ni mengi. Kwa mpango wangu, ndege zote zitasimama mwisho wa mwezi huu. Marubani wamechoka, na injini zimechoka kuwashinda.

Tukimaliza napata likizo. Nakuja kwako nile mpaka nishindwe kuinuka.

Mjukuu wako

*

Nyumbani
9 Mei

Mume wangu wa uzeeni,

Marahaba. Mimi mzima, goti tu ndilo linajifanya mkubwa wa nyumba hii.

Barua nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekasirika. Umesomeshwa mpaka ukavaa suruali yenye mikunjo, halafu unahesabu malori bila kuchungulia ndani? Mimi niliyeishia darasa la tatu nimebeba kigoda changu Jumatatu, nikakaa mbele ya ghala kuu tangu asubuhi. Yameingia malori tisa. Manne sabuni. Matatu magodoro. Moja vioo vya madirisha. La mwisho limejaa viatu vya kike vya visigino virefu. Unga, hata wa kubandikia bahasha, hakuna.

Nikamuuliza dereva mmoja, mbona hamleti unga? Akanicheka: "Bibi, nani ataleta unga wakati jeshi linaugawa bure?"

Umeelewa, au nikuchoree? Unga wa mji huu bado unashuka kutoka juu. Ukizisimamisha ndege siku moja, kesho yake tutapika visigino.

Mama yako nilimwachisha ziwa polepole. Nilianza uji huku ziwa lipo, alipouzoea nikapunguza la mchana, la usiku likaenda mwisho. Hakulia. Mama yako mkubwa nilimpakia ziwa shubiri siku moja kwa haraka zangu, akaugua wiki mbili, na mpaka leo naona aibu. Mji nao ni mtoto. Jazeni ghala kwanza, kisha mpunguze.

Najua kinachokuharakisha ni likizo. Mimi nakutamani mpaka naongea na kiti chako. Lakini usije kwangu kwa kukanyaga njaa ya watu. Sitakufungulia mlango.

Bibi yako

*

Nyumbani
2 Juni

Wewe mtoto,

Hujambo? Au umekula ulimi? Wiki tatu kimya. Mwisho wa mwezi umepita, na ndege bado zinatikisa bati langu. Ama umenisikia, ama umefukuzwa kazi. Fundi cherehani hapa jirani anasema umenuna kwa maneno yangu. Nimemwambia mnuno wako haujawahi kufika chakula cha jioni.

Andika, hata mstari mmoja.

Bibi yako

*

Uwanja wa ndege wa jeshi
8 Juni

Bibi,

Shikamoo, na unisamehe. Sikununa. Niliona haya.

Nilipeleka askari kizuizini wafungue kila turubai. Katika malori mia mbili na kumi na mbili, ya unga yalikuwa sita. Nikaenda kwa mkubwa wangu nikamwambia mpango nilioupeleka mwenyewe ni mbovu. Akauliza nani kanizindua. Nikasema bibi yangu na kigoda chake. Ofisi nzima ikacheka, mpaka nilipoweka zile hesabu mezani.

Sasa ni hivi. Kwanza tunajaza ghala, chakula cha miezi miwili. Kisha tunapunguza ndege kidogo kidogo, na kila tunapopunguza tunawatangazia wafanyabiashara mapema ili walete wao. Ndege ya mwisho ni Septemba. Likizo yangu nayo imesogea mpaka Septemba.

Kiti changu usimpe mtu.

Mjukuu wako

*

Nyumbani
27 Septemba

Mume wangu,

Marahaba ya siku zote. Goti limepoa, au nimelizoea.

Leo tangu alfajiri haijapita ndege. Nilitoka nje nikatazama juu, kweupe, kimya. Nikachukua mfuko nikaenda dukani mbio za kikongwe. Hakuna foleni. Magunia yamepangwa mpaka dirishani, na mwenye duka, yule aliyekuwa akitufokea mwaka mzima, ananibembeleza: "Mama, chukua japo kilo mbili, unga umefika jana kwa lori."

Nikaupapasa, nikaunusa, nikamwambia sitaki. Nikarudi na mfuko mtupu, natembea kwa maringo, kwa raha tu ya kujua kesho utakuwepo.

Kwa hiyo ukifika leo utalala njaa. Njoo kesho.

Bibi yako