Viraka vya Eliza

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Kwai ukungu umelala kwenye kabichi, na bibi yako anakohoa kidogo tu.

Umeuliza kama kiraka cha marekebisho ulichopachika kwenye programu ya kompyuta ni lazima kibaki na jina la mwenzako aliyekiandika. Nikiwa kijana, mimi na mwenzangu wa kazi Eliza tulitunza programu ya ofisi moja Tanga. Mimi nilirekebisha makosa humohumo ndani ya programu. Yeye aliweka kila kiraka kwenye faili la pekee nje ya programu, akaandika jina lake na sababu. Toleo jipya la programu lilipokuja, kazi yangu yote ilifutika. Yeye alipachika viraka vyake asubuhi moja, akasifiwa mbele yangu. Wivu ulinishika. Nikafuta jina lake na maelezo yake kwenye viraka vyote, nikaandika jina langu.

Alipohamia Bumbuli, kiraka kimoja kikagoma. Bosi akaniuliza, "Hiki ulikiweka kwa nini?" Sababu nilishaifuta. Ikabidi nimpigie Eliza simu. Alinieleza taratibu, wala hakuuliza maelezo yake yalikwenda wapi.

Liache jina la mwenzako, hata roho ikikuuma. Mimi Eliza namwonea wivu mpaka leo, tena zaidi kwa kule kutouliza kwake.

Babu yako