Kitambaa Juu ya Kamera

Kaka Kyalo,

Umeandika kwenye grupu la familia, mbele ya shangazi, mjomba na wale binamu ambao hujitokeza tu wakati wa harambee, kwamba kamera uliyomtumia Mama kutoka ng'ambo imefungwa na mtu asiyejua kazi, na kwamba Jumamosi unatuma fundi. Fundi, Kaka. Nyumbani kwetu, mtaani Jericho. Kwenye nyumba ambayo kila waya ulio ukutani niliupitisha mimi.

Ningekujibu pale pale, lakini grupuni wewe hujibu kwa kidole gumba na kutoweka. Ndiyo maana nimekuja kukuandikia hapa, kwenye ukurasa huu ninaoandikia mambo yangu ya nyaya na betri. Najua unausoma. Juzi tu ulinitumia ujumbe kunisahihisha mpangilio wa nyaya nane za mtandao, na ulikosea: ya nne ni buluu. Wasomaji wangu wa kawaida wanisamehe. Wiki hii hakuna somo la rauta.

Nianze na lile ulilouliza. Kamera yako ni nzima. Umeme unaoingia nimeupima, ni volti tano. Mtandao haukatiki. Ile picha unayolalamikia, ile uliyosema ni ukungu mweupe wenye mashimo mashimo, ukatuambia lenzi imeingia maji, ni picha sahihi kabisa ya kitu kilichoko mbele ya lenzi. Ni kitambaa, Kaka. Mama ameifunika.

Usijifanye kushangaa. Umekulia nyumba ile. TV ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma, redio ya Baba na chake, makochi ndiyo usiseme. Baba alikuwa hawezi kusikiliza taarifa ya habari kabla ya kuifunua redio kama anayemfunua bibi harusi. Siku ile uliposugua baiskeli yako kwa kitambaa cha TV ukidhani ni tambara, Mama hakukuchapa. Alikuweka kitako ukafue, ukakipige pasi, ukakirudishe mwenyewe, huku akikuambia kwamba kitu cha thamani hakikai uchi. Kwa hivyo ulipotuma kamera mpya, ndogo, inayong'aa, ulitarajia nini?

Mimi pia nilidhani ni hayo tu. Nilikitoa. Wiki iliyofuata nikakikuta pale pale. Nikakitoa tena, nikamweleza Mama kwa upole kwamba hii ni kama dirisha, haifunikwi. Akaniambia amesikia. Wewe ukaandika tena kwamba huoni kitu.

Kabla sijakuambia nilichokigundua Jumapili, hebu nikukumbushe mlingoti.

Unaukumbuka? Lile bomba la mabati tulilolifunga kwa waya kwenye kona ya jikoni, juu yake antena uliyoitengeneza kwa vifuniko viwili vya sufuria. Mama alivitafuta vifuniko hivyo mwaka mzima. Wewe ulisimama nje juu ya pipa, umelikumbatia bomba. Mimi nilikuwa ndani, pua karibu na kioo cha TV, sikio dirishani. Nje ya dirisha mtaa mzima ulitusikia.

"Sema!"

"Bado!"

"Sasa?"

"Bado. Bado. Hapo... hapo... umeipita! Rudi kidogo!"

Ukarudi kidogo. Chenga zikapungua, mtangazaji akapata uso, halafu akaupoteza tena kwa sababu ulizidisha. Ulikuwa unanitukana mimi, unasema macho yangu ni ya mapambo. Lakini hata ulipokasirika ulirudi, kwa sababu ulijua utaratibu wa kazi ile: anayeligeuza bomba haioni picha, na anayeiona picha halifikii bomba. Pasipo kuaminiana, mngekaa na chenga hadi Krismasi. Kila nyumba pale ilikuwa na watu wawili wa namna hiyo. Sisi tulikuwa bora, usibishe. Majirani walikuwa wakituita tukawapangie zao.

Halafu wewe ukaenda chuo na mimi nikaenda saiba, duka la kukodisha kompyuta na intaneti. Sisemi kwa kinyongo. Sawa, ninasema kwa kinyongo kidogo. Wewe ulifundishwa kompyuta kwa ubao na chaki. Mimi nilifagia ile saiba ya Umoja hadi mwenyewe akaniruhusu kuzifungua zile zilizokufa. Nilizifufua kumi na moja. Ya kumi na mbili ilinipiga shoti nikaiheshimu. Leo ninalipwa mjini kuhakikisha mashine za ofisi nzima zinaamka kila asubuhi, na sina cheti hata cha kutundika chooni.

Na majina yetu, Kaka. Wewe ni Kyalo, safari, kwa kuwa Mama alikuzaa akiwa njiani kwenda Machakos. Mimi ni Musyoki, anayerudi, kwa kuwa Baba alikuwa ndiyo kwanza amerejea kutoka safari ndefu za lori. Wewe umelitendea haki jina lako. Mimi nimerudi kutoka wapi? Kutoka Umoja hadi Jericho, kila Jumapili. Na nikifika, jirani ananisalimu akisema, "Mama Kyalo yuko ndani." Hakuna aliyewahi kumwita Mama Musyoki. Mimi ndiye ninayebeba mtungi wa gesi, jina lililoko mlangoni ni lako.

Wikendi zangu unazijua, umezisoma hapa. Simu ya shangazi imejaa, niifute. Binamu amesahau neno la siri kwa mara ya sita. Nikibaki na saa moja yangu, ninakaa barazani na bisibisi na kitu kilichokufa, na mke wangu Njeri anauliza kama siku nikifa nizikwe na kile kisanduku cha vifaa au agawe. Kazi ninayoipenda kuliko zote ni ile kengele ya maji ya Mama. Maji ya mfereji pale Jericho hayana ratiba. Nilichukua boya la tangi la choo, swichi ya mlango wa friji na kengele kuukuu ya nyumba, nikaviunganisha. Maji yakianza kuingia, kengele inalia, Mama anajua. Ile hajaifunika kwa kitambaa hata siku moja. Nilidhani ni kwa sababu ina sura mbaya. Laiti ningejiuliza zaidi.

Maana kamera yako ilipofika, Mama aliniambia nimsomee ile kadi uliyoiweka ndani ya boksi. Uliandika kwamba Desemba hii tena haitawezekana, kazi zimebana, lakini sasa na hii kamera ni kama uko hapo sebuleni. Akaniambia nisome tena. Nikasoma tena. Nilidhani anafurahia maneno yako. Mimi, ninayelipwa kutafuta kasoro, sikujiuliza kwa nini mwanamke aliyekuwa akisoma Biblia yenye maandishi ya sisimizi hasomi kadi mwenyewe.

Sasa Jumapili. Nilikwenda na drili, nimeamua kuipandisha kamera juu ukutani ambako mkono wake haufiki. Nilikitoa kitambaa nikakiweka pajani. Mama alikuwa kwenye meza ya pembeni akitengeneza chai.

Unajua Mama hufuma ua la petali sita. Mimi ninajua vizuri, kwa sababu nilipougua surua nililazwa kwenye kochi na kazi yangu ikawa kuzihesabu: sita, sita, sita, hadi usingizi unichukue. Hakosei. Anafuma huku akikugombeza, na hakosei. Basi nikakitazama kile kitambaa pajani kwa mazoea tu. Ua la kwanza lilikuwa na petali tano. La pili saba. La tatu limeshikana na jirani yake halina hata katikati. Na uzi ulianza mweupe, ukaisha wa maziwa.

Nikainua macho. Mama alikuwa anamimina chai, na kidole chake cha shahada kilikuwa ndani ya kikombe, pale kwenye ukingo, kinangojea chai ikiguse ndipo aache kumimina.

"Mama, tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Macho."

Aliiweka birika chini kwanza. Halafu akaniambia, kwa sauti ile anayotumia kueleza bei ya sukuma wiki, kwamba ilianza pembeni kama moshi. Alidhani ni jiko. Akaenda kliniki peke yake, wakampima, wakamwambia ni presha ya macho. La kushoto karibu limekwisha. La kulia linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na mradi kitu kiwe karibu. Kilichokwenda hakirudi. Matone anayotia ni ya kukilinda kilichobaki, na daktari hakumwahidi ni kwa muda gani. Chupa ya matone anaificha nyuma ya redio ya Baba, chini ya kitambaa. Huko hakuna anayefunua tena.

Nilikasirika, Kaka. Nilimwambia ningempeleka mimi, ningemwambia Njeri, ningekuambia wewe. Akasema ndiyo maana hakuniambia. Nikamuuliza sasa kitambaa cha nini, kama hata kamera yenyewe yeye haioni.

"Taa yake naiona," akasema. "Ile nyekundu. Inaniambia Kyalo ananitazama. Yeye ananiona akiwa huko huko. Mimi, nikitaka kumwona, lazima awe hapa." Akanyoosha mkono akanishika kidevu, akanivuta hadi pua zikakaribia kugusana. "Hapa. Wewe unanyoa vibaya."

Akaendelea, na sasa nakuandikia neno kwa neno: "Nikasema, asiponiona kwa muda, labda atakuja kutazama kuna nini."

"Anatuma fundi, Mama."

Alicheka hadi akashika meza. Akasema huyo fundi aje, atampa chai, atamwuliza ni mtoto wa nani, na ataondoka bila kugusa kitambaa.

Mimi sikucheka. Nilirudisha drili kwenye mfuko. Nimekuwa na hasira tangu Jumapili na nimejaribu kuigawa kwa haki. Sehemu ni yangu, kwa sababu niko naye kila wiki na nilikuwa nikitazama nyaya. Lakini sehemu kubwa ni yako. Unampigia simu ya video kila mwezi, na kila mara anakuambia umenenepa. Kila mara. Hiyo ni kubahatisha, Kaka, na kwa mtu wa umri wako si vigumu kupatia. Ulipofuga ndevu hadi kifuani, ukamwonyesha, ukamuuliza anaonaje, alikuambia uko vile vile ulivyoondoka. Ukacheka. Ukaandika grupuni kwamba Mama ni mcheshi.

Alikuwa hakuoni. Uliinunua kamera yenye uwezo wa kuona hata gizani, na mwenzako wa upande wa pili hakuoni mchana.

Nimemwomba ruhusa ya kukuandikia haya. Alikataa Jumapili, akakataa Jumatatu. Jana jioni alinipigia simu kwa namba aliyoikariri, akasema niandike. Akasema nisiweke huruma nyingi, wewe ukionewa huruma hupanda mabega. Na ukiuliza kwa nini sikukuambia mapema, niseme alinikataza yeye. Nimesema.

Najua utakachofanya ukimaliza kusoma. Utatafuta hospitali, utatuma majina ya madaktari, utapendekeza kifaa kinachomsomea mtu maandishi kwa sauti. Kifaa hicho nimeshaanza kumtengenezea, usijisumbue. Madaktari tumeshapanga miadi, Njeri anampeleka. Haya yote ni kazi za mtu aliye karibu, na aliye karibu yupo. Ile moja iliyobaki siiwezi. Siwezi kuvaa uso wako, hata nikinyoa vizuri.

Mwambie fundi asije Jumamosi. Kamera ninaiacha ilipo, na kitambaa kinabaki juu yake, na petali zake tano na saba. Ukifungua simu yako usiku wa huko uone ule weupe wenye mashimo, usitafute hitilafu. Utazame tu. Aliufuma kwa vidole.

Ni wewe uliyelishika bomba, Kaka, umesimama mbali huko kwenye baridi, huioni picha. Mimi niko pale pale uliponiacha, dirishani, ninaiona. Ulinitukana, lakini ulikuwa ukinisikiliza. Basi nisikilize.

Umeipita. Rudi.

Mdogo wako wa dirishani,
Musyoki